Kiuno Kilichobinuka na Uzito wa Mtungi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa wanachama, Kulamawe)



Twasema nanyi juu ya mgongo, kiungo ambacho wengi wetu hatukikumbuki mpaka kimeanza kuuma.

Kwanza tuondoe dhana moja. Kiuno cha kila mwanadamu kimeingia ndani kidogo, na hicho si kilema. Pingili tano za kiuno zimepangwa hivyo ili kichwa na kifua vikae sawa juu ya miguu. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walieleza kwamba kwa mwanamke mbinuko huo umeenea katika pingili tatu, na kwa mwanamume katika mbili, jambo limsaidialo mama kuchukua mimba. Basi binti asichekwe kwa umbo la kiuno chake.

Taabu huja mbinuko unapozidi. Tumbo hutangulia, makalio hubaki nyuma, na misuli ya kiuno hukaza mchana kutwa. Madaktari huiita hali hiyo lodosisi. Yaweza kuletwa na misuli dhaifu ya tumbo, unene, au kukaa kitako saa nyingi. Mtu akiinama mbele na mbinuko ukanyooka, kwa kawaida si jambo la kuogofya. Usiponyooka, aonwe na daktari. Naye apatwaye na ganzi miguuni, au ashindwaye kuzuia mkojo, apelekwe hospitali siku ile ile.

Sasa tutazame maji yetu. Mtungi wa lita 20 una kilo 20. Utafiti uliochapwa mwaka 1986 juu ya wanawake wa Kenya waliozoea mizigo, Waluo na Wakikuyu, ulionyesha kwamba waliweza kubeba sehemu moja katika tano ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu zaidi katika kutembea. Kwa mama wa kilo 60, hizo ni kilo 12 tu. Binti wa kilo 35 akitwikwa mtungi mzima, achukua zaidi ya nusu ya uzito wake.

Kwa hiyo twawasihi haya. Mzigo uinuliwe kwa kukunja magoti, ukiwa karibu na mwili. Maji yagawanywe katika vyombo viwili vidogo, kimoja kila mkono. Penye punda au mkokoteni, vitumike kwa maji kabla ya biashara, na vijana wa kiume wasione haya kwenda kisimani. Jioni, mtu alale chali, akunje magoti, akandamize kiuno sakafuni polepole, ahesabu hadi tano, kisha alegeze. Afanye hivyo mara kumi. Akiona maumivu yazidi, aache.

Wazee wetu, neno lenu nyumbani lina nguvu kuliko hotuba hii. Twaomba mlitamke leo, kabla mabinti hawajatoka tena na mitungi kesho alfajiri.