Redio Iliyozoea Hewa ya Japani

Leo kipindi kinapanda gari Mwenge na kuelekea Bagamoyo.

Gari lenyewe ni Toyota Noah ya kitambo, lililoshushwa bandarini Dar es Salaam likiwa limeshatumika Japani. Redio yake inashika Clouds FM kwenye 88.5 na Wasafi FM kwenye 88.9 bila taabu. Dereva akiitafuta EFM, iliyoko 93.7, namba zinapanda hadi 90 kisha zinarudi 76. Times FM ya 100.5 ndiyo haipo kabisa. Mwenye gari anaamua redio imekufa, na wiki hiyohiyo inang'olewa.

Redio hiyo ni nzima. Japani iliitengea FM yake megahezi 76 hadi 90, na ukanda huo ukasogezwa hadi 95 baada ya televisheni ya analojia kuzimwa. Tanzania, kama nchi nyingi duniani, hutumia 87.5 hadi 108. Pale kanda hizo mbili zinapokutana ni pembamba mno, na vituo vilivyobahatika kuangukia hapo ndivyo pekee vinavyosikika.

Dawa yake ni ekspanda, kiboksi kinachoenea kiganjani, kinachofungwa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kuyashusha masafa. Ekspanda ya megahezi 14 huileta EFM kwenye 79.7 na Times kwenye 86.5. Ila mnunuzi apige hesabu kabla ya kulipa: 88.5 ukitoa 14 inabaki 74.5, chini kabisa ya mahali redio inapoanzia, na aliyezoea Clouds anaweza kuikosa.

Zipo pia redio zinazoumwa kweli. Isipowaka kabisa, ya kwanza kutazamwa ni fyuzi, na aghalabu ziko mbili: moja kwenye kisanduku cha fyuzi cha gari, nyingine mgongoni mwa redio yenyewe. Fyuzi iliyoungua hubadilishwa kwa nyingine ya ampea zilezile. Kuweka kubwa zaidi, au kuzungushia kipande cha waya, ni kuukaribisha moto ndani ya dashibodi, na hilo halifai kufanyiwa masihara.

CD ikipiga vizuri na vituo vikakoroma, basi spika zimeshajitetea. Shida iko kwenye antena. Ukanda huu wa pwani una adui wake, upepo wa chumvi. Fungua kitako cha antena ya gari linalolala karibu na bahari na huenda ukakuta unga wa kijani umeishika shaba, na kutu imekula pale kitako kinapogusana na bodi. Msasa mwembamba hurudisha mng'ao. Kujiridhisha ni rahisi: chomoa plagi ya antena nyuma ya redio, kisha chomeka waya mtupu wa sentimita 75 hivi, ambazo ni robo ya wimbi la megahezi 100. Vituo vikirudi, redio haina kosa.

Ikibidi kufunga redio nyingine, rangi za waya ndizo zinazoponza wengi. Kwenye redio nyingi za dukani, njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa swichi, nyeusi ni wa bodi. Toyota nyingi zina mpangilio wao, ambapo kijivu huwa cha swichi na kahawia cha bodi. Kwa hiyo fundi makini hupima kila waya kwa testa, na hununua plagi ya kuunganishia badala ya kukata ile ya gari. Njano ikiungwa kwenye swichi, redio husahau vituo kila gari linapozimwa. Nyekundu ikipewa umeme wa kudumu, betri inaweza kukutwa imekauka asubuhi.

Kisha kuna waya wa bluu, ambao mafundi wengi huuacha. Gari lenye antena ya kioo huwa na kikuza mawimbi kinachongoja umeme wa waya huo. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na Bagamoyo iko kilomita zipatazo 65 kutoka Dar es Salaam. Bluu ikiachwa inaning'inia, redio mpya itaimba vizuri Tegeta na Boko, itaanza kukwaruza Bunju, na gari likifika Mapinga mwenyewe atakuwa ameshaanza kuitafutia mnunuzi.