Kofia ya Bwami si ya kuiga

Wandugu na wamama, kwa defile ya tarehe 30 Juni wengine kati yetu wanaomba tushone kofia za Bwami, zile za mukia wa tembo. Tunasema hapana. Kwa Walega wa Pangi kofia hiyo njo ya kindi, ngazi ya juu kabisa. Mutu anaifikia kwa kuingizwa, jamaa yake ikitoa mali muda murefu. Wabeleji walikataza Bwami 1948, wazee wakaendelea kwa kujificha. Sasa sisi tuvae za kuiga, mbele ya muzee mwenye alipoteza yake wakati wa kukimbia vita? Wenye wangali nazo wataamua wenyewe. Sisi tuvae vikwembe. Mwenye hana kipya, avae cha zamani; hatutamutoa kwenye musitari.