Samaki Mlafi Katika Birika la Wengi

(Mazungumzo ya kikundi kimoja cha Mji wa Kale, Mombasa, kwa vikundi vinavyofuga samaki)

Hatukuja hapa kama wataalamu. Tumekuja kuwaeleza kosa letu, na jinsi kosa hilo lilivyotaka kukivunja kikundi chetu, ili nanyi msije mkalirudia.

Sisi tunakaa Mji wa Kale. Huko kwetu hakuna shamba, na nyumba zimebanana hata jua huingia kwa zamu. Lakini watu wa pwani wamezoea kukaa na samaki nyumbani tangu zamani. Katika nyumba za kale za Lamu, birika la maji lilikuwa na visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu. Kwa hiyo tulipopata birika la saruji lisilotumika, kwenye ua wa nyuma wa nyumba ya mwenzetu, tukasema: hapa patakuwa shamba letu. Wakati wa kusi bahari inapochafuka, wavuvi hawatoki sana na bei ya samaki inapanda. Tuliona tukiwa na wetu wa kufuga tutapata kitoweo na kidogo cha kuuza.

Wengine walitaka tuweke tangi juu ya dari. Tukakataa. Lita 1,000 za maji zina uzito wa kilo 1,000, na nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Samaki wakae chini.

Birika letu lina urefu wa mita 4, upana wa mita 3, na maji ya kina cha mita 1. Hizo ni lita 12,000. Tukaweka vifaranga 120 vya perege, au tilapia kama wengi tunavyomwita. Juu tukafunika wavu kwa ajili ya kunguru, maana kunguru wa Mombasa mnawajua, na kwa ajili ya watoto pia. Tukanunua gunia la chakula, tukapanga zamu, na ufunguo wa stoo akapewa mama mmoja mwaminifu.

Miezi minne ikapita. Siku ya kupima tukatia wavu. Kumbe! Samaki wachache walikuwa wanono, mmoja wao amefika gramu 300 na ushei. Wengi waliobaki hawakupita gramu 60, vichwa vikubwa na migongo kama kisu. Na chakula? Chakula kilikuwa kimekwisha kama ilivyopangwa, gunia baada ya gunia.

Hapo maneno yakaanza. Chakula kinaisha, samaki hawanenepi, basi kinakwenda wapi? Mmoja akanong'ona kwamba huyo mama ana kuku nyumbani kwake. Wa pili akaongeza chumvi. Mkutano uliofuata yule mama akaja, hakukaa, akaweka ufunguo juu ya meza akasema, "Nawarudishia chenu." Akatoka. Na hakuna hata mmoja wetu aliyemfuata.

Ukweli tulioneshwa na mtoto. Alikuwa akikaa dirishani kila jioni kutazama samaki wakilishwa, akatwambia, "Yule mkubwa hawaachii wenzake. Mimi namwita Bepari." Tukacheka. Kisha tukaona haya, kwa sababu sisi watu wazima tulikuwa tunamwaga chakula na kuondoka. Hakuna aliyekaa kutazama.

Siku hiyo tukakaa. Tulikuwa tumetengeneza duara la mpira wa maji lielee juu, chakula kimwagwe ndani yake kisitawanyike. Ni kweli duara huzuia chakula kisichukuliwe na upepo. Lakini kwetu lilikuwa kama mlango mmoja wa duka. Bepari alisimama pale mlangoni. Kila mdogo aliyesogea alifukuzwa kwa mdomo. Wakubwa wengine wanne watano walipita ubavuni wakala. Wadogo walikaa pembeni, rangi zao zimekuwa nyeusi, mapezi yamechanika.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye jambo. Bepari hakula chakula chote. Tumbo lake si gunia. Alikula akashiba, lakini hata aliposhiba hakuondoka mlangoni. Chembe zililowa, zikazama. Tulipopunguza maji tukakuta chini tope jeusi lenye kunuka. Hicho ndicho chakula tulichosema kimeibwa. Kilikuwa kimeoza chini ya miguu yetu, na uozo huo ukawa unaharibu maji na kula hewa ambayo samaki walihitaji kupumua. Mlafi aliwadhuru wenzake mara mbili: aliwanyima chakula, na chakula alichowanyima kikawa sumu.

Jioni ile tulikwenda nyumbani kwa yule mama, watu sita. Tulimwomba radhi mbele ya watoto wake, kwa sababu walikuwa wameyasikia maneno yetu huko mtaani. Hakujibu upesi. Alitwambia, "Mngeniuliza tu, ningewaambia. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaona." Neno hilo mpaka leo linatuuma.

TULIFANYA NINI?

Kwanza tulimtoa Bepari. Tukadhani tumemaliza. Siku ya tatu akapanda mwingine aliyekuwa wa pili kwa ukubwa, naye akasimama pale pale. Tukaelewa kwamba taabu si samaki mmoja. Perege hupangana kwa nguvu, na dume hupenda kulinda mahali pake. Akiondoka mkubwa, aliye nyuma yake anachukua nafasi. Kinachofaa ni kubadilisha namna ya kulisha, mlango mmoja uwe milango mingi. Basi tukafanya haya:

1. Tawanya chakula. Tuliondoa lile duara. Watu wawili husimama pande mbili za birika na kurusha kwa wakati mmoja, upana wote. Mkubwa hawezi kulinda pande zote. Ikiwa uko peke yako, anza upande mmoja kidogo, mlafi aje. Kisha nenda haraka upande wa pili ukarushe sehemu kubwa.

2. Gawa mara tatu. Chakula cha siku kikitolewa mara moja, wenye nguvu hushiba na kingine huzama. Sisi hulisha saa nne asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni. Usilishe alfajiri. Usiku hewa iliyomo majini hupungua, na samaki anayehema hawezi kula vizuri.

3. Pima. Usilishe kwa kukisia. Perege wa gramu 50 hivi anataka kama asilimia 4 ya uzito wake kwa siku. Fanya hesabu: samaki 120 mara gramu 50 ni kilo 6. Asilimia 4 ya kilo 6 ni gramu 240, yaani gramu 80 kila mara. Wakifika gramu 100 shusha iwe kama asilimia 3, na wakipita 200 iwe kama asilimia 2. Tafuta kopo, lipime kwa mzani wa dukani mara moja, ulitie alama. Kopo hilo litumiwe na kila mwenye zamu.

4. Chembe ziwe saizi ya mdomo wa mdogo. Chembe kubwa huliwa na wakubwa tu. Ukitengeneza chakula mwenyewe kwa pumba, mashudu ya nazi na unga wa dagaa, kisage kiwe laini, ukikande kidogo kisiwe vumbi.

5. Tazama mpaka mwisho. Rusha kidogo, ngoja, rusha tena. Wakiacha kukimbilia, simama, hata kama kopo halijaisha. Kilichobaki juu baada ya dakika 15 kitoe kwa chujio.

6. Tenganisha kwa ukubwa. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kila mwezi tunatia wavu asubuhi kungali baridi, na wakubwa tunawahamishia upande wa pili wa birika, nyuma ya kizuizi cha wavu na mbao. Mkubwa akiwa na wakubwa wenzake hana wa kumwonea kwa urahisi. Wadogo wakibaki peke yao, mwezi huo huo utawaona wanaanza kula. Wasilishe siku moja kabla ya kuwashika, na mikono iwe na maji.

7. Wape pa kujificha. Mitungi iliyovunjika na vipande vya bomba pana huwasaidia wadogo kuponyoka macho ya mkubwa. Visiwe vingi hata ikawa taabu kusafisha.

8. Andika. Daftari letu lina safu nne: siku, gramu zilizotolewa, aliyelisha, na alichokiona. Safu ya nne ndiyo iliyotuokoa. Aliyelisha akiandika "wadogo wamekaa pembeni", hatungojei miezi minne wala hatumtafuti mwizi.

Tena anzeni vizuri. Mnaponunua vifaranga, chukueni wa saizi moja. Tofauti ndogo siku ya kwanza huwa kubwa baada ya miezi mitatu, kwa sababu anayetangulia kula hutangulia kukua, na anayetangulia kukua huzidi kula. Madume ya perege hukua upesi kuliko majike, ndiyo maana wafugaji wengi hutaka madume matupu. Wakichanganyika, wakifika miezi mitatu hivi huanza kuzaana na birika hujaa vidagaa.

Wengine mtauliza habari za kambare. Kambare si mlafi wa kumfukuza mwenzake tu. Akiwa mkubwa kuliko mwenzake, humla. Kuna wanaomweka makusudi katika bwawa la perege apunguze vitoto, na kazi hiyo anaiweza, lakini atiwe akiwa mdogo kuliko perege, tena wachache. Mkifuga kambare watupu, watenganisheni kwa ukubwa mara nyingi zaidi, hasa wakiwa wadogo. Ziwa Viktoria limetufundisha: mbuta, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara, alitiwa humo miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewamaliza samaki wengi wadogo wa asili. Mdomo mkubwa ukishaingia majini haurudi nyuma.

Na kwa wale wa mjini wenye tangi la kioo na samaki wa baharini wa kutazama, kanuni ni ile ile. Kikande ana meno ya nguvu na hodari wa kunyang'anya. Lakini msimlaani. Huko nje mwambani meno hayo ndiyo yanayovunja wale viumbe wa miiba miiba, wakaao kwenye matumbawe, wasizidi mno. Kosa ni kumweka na wanyonge chumba kimoja. Kangaja na tafi ni wala majani: wafungieni mwani kwenye mawe mawili matatu, mbali mbali, na kikande mpeni chake upande mwingine kwanza.

Neno la maji. Maji ya mfereji hayaji kila siku Mombasa, na yakija yana dawa. Yaacheni kwenye pipa wazi siku nzima kabla ya kuwatilia samaki. Visima vyetu vya Mji wa Kale vina chumvichumvi. Perege huvumilia chumvi kiasi, lakini changanyeni pole pole. Ushauri zaidi upo kwa maofisa wa uvuvi wa kaunti, na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ina makao yake makuu pale Mkomani, ng'ambo ya pili tu ya maji kutoka kwetu.

Ndugu zetu, mwaka 2009 serikali ilianza mpango wa kufufua uchumi, na mabwawa ya samaki yakachimbwa katika majimbo mengi ya nchi hii. Yako yaliyostawi na yako yaliyogeuka vichaka. Sababu ni nyingi. Lakini tunajua sababu moja kwa kuwa ilitufika: kikundi kinapoona mavuno haba, hukimbilia kumtazama mwenzao kabla ya kuyatazama maji.

Je, sasa sisi tukoje? Mavuno yaliyofuata hayakuwa ya ajabu, lakini samaki walikuwa wa karibu saizi moja, na chakula kilichotumika kilikuwa pungufu kuliko cha kwanza. Bepari? Tulimpika kwa nazi, akatutosha watu wawili. Yule mama amerudi, ila ufunguo amekataa kuushika peke yake. Amesema uwe na watu wawili, na daftari liwe wazi. Tumekubali, kwa sababu ana haki.

Basi tunawaomba jambo moja. Mkifika kwenu, kesho wakati wa kulisha, msimwage chakula mkaondoka. Vuteni kigoda, mkae kimya dakika kumi kando ya bwawa lenu. Mtazameni nani anakula, nani anafukuzwa, na kinachobaki kinakwenda wapi. Mkutano ujao leteni mlichokiona.