MLANGO WA RIZIKI KWA ALIYETUBU

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kupokea toba za waja wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Enyi ndugu Waislamu, nanyi wasikilizaji mlioko majumbani na mashuleni, nawausia pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu.

Hapa Same, na juu milimani Upare, twaijua desturi ya msaragambo. Inapopigwa mbiu ya kuzibua ndiva, kila mwenye nguvu huitwa, na hapana aulizaye mkono ulioshika jembe ulikuwa wapi mwaka jana. Lakini kijana huyo huyo, akitoka gereza la Karanga kule Moshi, akaja kuomba kazi ya ujira, huulizwa kwanza: "Umepata kufungwa?" Akisema kweli, hufukuzwa. Akisema uongo, ametenda dhambi mpya ili apate chakula. Je, ni nani aliyemsukuma?

Jambo hili si dogo. Tarehe 9 Desemba 2019, Rais John Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533. Serikali ikifungua mlango wa gereza, yatupasa sisi tusiufunge mlango wa riziki.

Kumbukeni kisa cha Sayyidna Abubakar. Mistah, jamaa yake maskini aliyekuwa akimlisha, alishiriki katika uzushi juu ya Bibi Aisha, binti yake Abubakar. Abubakar akaapa kutompa kitu tena. Ndipo ilipoteremka aya katika Surat An-Nur, ikiwafunza wenye wasaa wasiape kuwanyima jamaa na maskini, bali wasamehe kama wapendavyo kusamehewa na Mola wao. Abubakar akamrudishia posho yake. Kosa lile halikuitwa dogo; hata hivyo, kunyimwa riziki hakukufanywa adhabu isiyo na mwisho.

Mataifa mengine yameliwekea jambo hili sheria. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1974, makosa mengi huhesabiwa yamekwisha baada ya muda uliowekwa. Jimbo la Hawaii, Marekani, mwaka 1998 lilimzuia mwajiri kuuliza habari za hukumu za zamani kabla hajamkubali mwombaji kwa masharti. Kwetu, ibara ya 22 ya Katiba yampa kila mtu haki ya kufanya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia na mengineyo, lakini kupata kufungwa hakukutajwa humo. Basi pale sheria iliponyamaza, dhamiri ya Muislamu isinyamaze.

Hatusemi mwajiri awe kipofu. Atafutaye mtunza fedha ana haki ya kuuliza habari za wizi, na aliyedhuru watoto asikabidhiwe watoto. Lakini ugomvi wa ujanani una uhusiano gani na kuvuna tangawizi kule Mamba Miamba?

Ewe mwajiri, pima kwanza ujuzi. Uliza mwisho, tena lile tu linalohusu kazi. Ewe jirani, usipeleke habari usiyoulizwa. Nawe uliyetoka kifungoni, tubu kweli, rudisha haki za watu, wala usiseme uongo.

Ewe Mola wetu, tusitiri aibu zetu, na utujaalie tuwasitiri wenzetu. Amin.