Kuacha Pombe: Baada ya Idi Utakaa na Nani?

(Mawaidha yaliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.



Jambo la leo twalijua sote na hatulisemi. Mitaani mwetu wako Waislamu wanaokunywa. Siku ya vunja jungu hunywa la mwisho, mwezi ukiandama hufunga pamoja nasi, Tarawehe utawaona safu ya nyuma, na usiku wa kuamkia Idi wamerudi mangweni. Kwamba pombe ni haramu hawahitaji kuambiwa. Aya ya 90 ya Suratul Maida wanaijua kama mnavyoijua nyinyi. Wanachokosa ni mtu wa kukaa naye Mfungo Mosi.

Basi kuna mikutano ya watu walioamua kuacha. Inayojulikana zaidi ni ya Alcoholics Anonymous, wenyewe huiita AA. Ilianza 1935 mjini Akron, Marekani, kwa walevi wawili: Bill Wilson, aliyekuwa mtu wa biashara ya hisa, na daktari Bob Smith. Waliona kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake, siku ile hupita bila ya kunywa. Mpaka leo kazi ya mkutano ni hiyo. Watu hukaa kama saa moja, huitana kwa jina la kwanza tu, na anayetaka hueleza alivyokuwa na anavyojizuia sasa. Ada hakuna. Kikapu hupitishwa, mwenye chochote atie, asiye nacho akisogeze kwa jirani. Sharti ni moja, uwe na nia ya kuacha. Hata kusema si lazima: "Leo nimekuja kusikiliza," basi.

Najua suali lenu. "Ustadh, mingi yafanyiwa kwenye kumbi za kanisa, nitaingia vipi?" Ukumbi ni ukumbi. AA si chama cha dini yoyote. Humtaja Mungu, na kila mtu humuelewa kwa imani yake. Wakimaliza kwa dua isiyo yetu, nyamaza, lete istighfari yako moyoni. Huko Baltimore, Marekani, Waislamu walianzisha mikutano yao mwaka 1989, wakaiita Millati Islami, na zile hatua 12 wakazipanga kwa mafunzo ya dini yetu. Nasi twaweza kufanya hivyo katika chumba cha madrasa. Lakini mgonjwa wa leo asingoje kamati ikutane, maana kamati zetu mwazijua.

Na siri je? Kweli tumeamrishwa kusitiri dhambi zetu. Lakini kueleza maradhi kwa mwenzako anayetafuta dawa ile ile si kujigamba barazani, na yasemwayo mle hubaki mle.

Kutafuta kikundi, piga 1192, simu ya bure ya NACADA, uulize kilicho karibu nawe. Hospitali ya Mathari kule Nairobi na kituo cha Miritini hapa Mombasa pia ni pa kuuliza. Tangu Korona ya 2020 mikutano mingi iko pia kwa intaneti, na hiyo yawafaa dada zetu, ambao wakionekana mlangoni tu habari imeshafika Majengo. Usiende mara moja ukasema hapanifai. Nenda mara tano, sita, vikundi mbalimbali. Chukua nambari ya simu ya aliyekaa miaka bila ya kunywa, mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke. Huyo ndiye wa kumpigia saa sita za usiku roho inapotaka.

Hapa nataka mnisikize sana. Anayekunywa sana kila siku asikate ghafla peke yake, hata kwa heshima ya Ramadhan. Mwili hutetemeka, jasho humtoka, anaweza kushikwa na kifafa na kuona visivyokuwepo, na katika zile siku tatu nne za mwanzo anaweza kufa. Daktari kwanza, mkutano baadaye. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa. Msimfungie chumbani mkidhani mwamsaidia.

Nanyi jamaa zake. Katika Bukhari imepokewa habari ya mtu aliyeletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) mara kwa mara kwa ulevi. Mmoja alipomlaani, Mtume alimkataza, akashuhudia kwamba mtu yule ampenda Allah na Mtume Wake. Sisi twamlaani mpaka msikitini haingii, kisha twauliza mbona yuko mangweni. Wake na wazazi nao wana mikutano yao, Al-Anon, tangu 1951. Huko hujifunza, kwa mfano, kuacha kumlipia madeni ya pombe.

Kama una kaka anayefunga nawe sasa, muulize juma hili, si usiku wa Idi: kikundi chakutana siku gani, nikupeleke? Nauli toa wewe. Msindikize mpaka mlangoni, umngoje nje. Akikataa kuingia rudini nyumbani mkafuturu, na juma lijalo mwende tena.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.