HOTUBA KWA WAKRISTO: KUKUSANYIKA WAKATI MCHUNGAJI YU MBALI



Jumapili iliyopita tulihesabu watu waliokuwamo katika nyumba hii ya sala, tukapata thelathini na wanne; na daftari la ubatizo lina majina zaidi ya mia mbili. Sababu inayotajwa twaijua. Watu husema, "Mchungaji haji ila mara moja kwa miezi mitatu, basi tukusanyike kufanya nini?" Neno hili tumelisikia sokoni, tumelisikia hata kisimani, nasi tumeona si vema kulinyamazia.

Twapenda kuwapa habari za Buganda. Mapadre wa kwanza wa Kikatoliki walifika huko mwaka 1879, wakabatiza watu wachache mwaka uliofuata. Kisha mwezi wa Novemba 1882, kwa ajili ya hatari waliyoiona, wakaondoka wakaenda kukaa kusini ya ziwa. Hawakurudi hata Julai 1885. (Mtu asituulize kwa nini sisi Waprotestanti twaleta habari za Wakatoliki, mwenye kiu haulizi kisima kilichimbwa na nani.)

Fikirini basi. Waongofu wa miaka miwili tu, na wengine wangali wanafunzi, wameachwa pasipo padre miaka miwili na miezi minane. Je, walitawanyika? Yosefu Mukasa, aliyekuwa mtumishi katika nyumba ya Kabaka, aliwafundisha vijana wa jumbani. Andrea Kaggwa alifundisha nyumbani kwake, na Matia Mulumba vivyo hivyo katika nchi ya Singo. Mapadre waliporudi walikuta kundi limezidi kuliko walivyoliacha. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Yosefu Mukasa akauawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, na tarehe 3 Juni 1886 wengine wakachomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Nao Waprotestanti walikuwa wamekwisha kupata baraza la wazee wa kanisa mwaka 1885, hata walimu wao Wazungu walipopungua, wazee hao wakaendelea kufundisha kwa siri.

Habari nyingine ni ya Kilimanjaro. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893, na baada ya vita ile kubwa, mwaka 1920, wakaondolewa katika nchi kwa kuwa walikuwa Wadachi. Walimu Wachaga wakabaki na shule na sharika, ijapokuwa hapana mmoja wao aliyekuwa amewekewa mikono ya uchungaji. Jambo hilo lilikuja mwaka 1934. Walifundisha, walizika wafu, waliamua magomvi ya washarika. Baadaye Walutheri wa Marekani walikuja kuwasaidia, na wale wa Leipzig wakaruhusiwa kurudi. Lakini katikati ya hayo kanisa lilichukuliwa na mabega ya wenyeji.

Watu wakisikia habari hizi husifu ushujaa. Ushujaa ulikuwapo, hatukatai. Lakini sisi twaona jambo lingine, dogo zaidi: kila mmoja alijua kazi ipi ni yake. Yosefu Mukasa hakungoja mtu wa Singo aje kuwafundisha vijana wa jumbani. Sisi tufanyao kazi ya ukarani tumekwisha kuona mara nyingi kwamba shauri likiandikwa pasipo jina la mtu ubavuni, halitendeki, hata kama wote walilikubali kwa makofi.

Na hapa yatupasa kusema neno linalotuaibisha. Mwezi uliopita mzee mmoja wa usharika huu, aliyebatizwa kabla ya wengi wetu kuzaliwa, aliugua majuma matatu. Hapana aliyekwenda kumsomea wala kuomba naye. Alipofariki, kaburi lake lilichimbwa na majirani Waislamu, watu wema, Mungu awabariki, nao walituuliza kwa upole, "Wenzake wa kanisani wako wapi?" Hatukuwa na jibu. Wala tusiseme kwamba hatukuwa na habari, maana sisi wenyewe tulipita mlangoni pake kila asubuhi tukienda kazini. Mchungaji angalikuwapo, angalikwenda. Lakini kumpelekea mgonjwa maji na kuomba Baba Yetu kando ya kitanda chake hakuhitaji joho.

Basi juu ya meza ile pana daftari jipya. Tumeandika vijiji vyote sita, na chini ya kila kijiji tumeacha nafasi ya majina mawili: mmoja wa kuongoza sala ya jioni siku ya Alhamisi, na mmoja wa kuwaangalia wagonjwa. Asiyejua kuandika amwambie mwanawe amwandikie. Katika kijiji cha marehemu tumekwisha kutia jina letu, nasi kesho jioni tutakwenda kwa mjane wake, maana paa la nyumba yake linavuja na masika yamekaribia. Atakayekuja aje na kamba na nyasi.