Kufuli la Difu na Barabara za Utelezi

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za kitu kidogo kilichomo ndani ya magari mengi yapitayo katika nchi yetu ya Bonde la Ufa, nacho ni kufuli la difu ya kati. Wengi wanacho, lakini si wengi wakijuao matumizi yake.

Ninyi mkaao Molo, Elburgon, Subukia na Mau Narok mwajua jinsi njia zetu zigeukavyo wakati wa masika, yaani tangu Machi hata Mei. Asubuhi njia ni ngumu kama sakafu. Jioni udongo umekuwa kama sabuni iliyolowa. Hapo mwenye gari liendeshwalo kwa magurudumu yote manne hujiona yu salama, asijue kwamba gari lake lataka kuambiwa la kufanya.

Nitawasimulia jambo nililoliona kwa macho yangu. Siku moja ya mwezi wa Aprili nalikuwa abiria katika gari la namna hiyo, katika vilima vya juu ya Molo. Tulikuwa na mama mja mzito aliyeshikwa na uchungu, naye alikuwa akipelekwa hospitali. Tulipofika chini ya kilima chenye matope, dereva alisema kwamba gari lake halijapata kukwama hata mara moja, akapanda bila kufunga kufuli. Gurudumu moja la mbele likaingia katika shimo la maji, likazunguka bure kama pia, na yale matatu yakasimama kimya. Ndipo alipolikumbuka kufuli. Akausukuma mkono wake kwa nguvu, hali gurudumu likizunguka kwa kasi. Tukasikia mlio wa chuma, na gari halikwenda tena. Majirani wakaja na machela, wakamchukua yule mama kwa miguu mpaka kwenye lami. Alifika salama, na mtoto pia. Lakini saa tatu zilipotea, na saa tatu kwa mwenye uchungu si kitu kidogo.

Je, kwa nini yale magurudumu matatu yalisimama? Gari likatapo kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Difu ya kati imewekwa ili ya mbele na ya nyuma yaweze kuzunguka kwa mwendo mbalimbali bila kuvutana. Lakini difu ina tabia moja: nguvu za injini hukimbilia palipo pepesi. Gurudumu moja likiteleza, nguvu huishia hapo. Kufuli huyaunganisha magurudumu ya mbele na ya nyuma, kama nira iwaunganishavyo ng'ombe wawili: mmoja akiteleza, mwenzake bado huvuta jembe.

Land Rover za miaka ya 1950 na 1960 hazikuwa na difu ya kati. Dereva aliyaunganisha magurudumu ya mbele alipoyahitaji tu. Range Rover ya mwaka 1970 ilikuja na difu ya kati pamoja na kufuli lake, na Land Rover 110 ya mwaka 1983 vivyo hivyo. Hata leo pikapu nyingi zafuata ule mpango wa kale. Ukiyaunganisha magurudumu ya mbele ya pikapu hiyo, ni sawa na kufunga kufuli, na mashauri nitakayoyatoa yakuhusu wewe pia.

Kwanza, funga kabla ya kuingia matopeni. Simama, au nenda polepole sana, usukani umenyooka, na gurudumu lolote lisiwe likiteleza. Tazama taa yake. Isipowaka, sogea mbele kidogo mpaka meno yashikane.

Pili, ufikapo kwenye lami, fungua. Penye lami kavu magurudumu hayana nafasi ya kuteleza, basi huvutana wao kwa wao: usukani huwa mzito, tairi hulika, na mwisho chuma huvunjika. Kufuli likikaza lisifunguke, usilipige. Rudi nyuma hatua chache, litalegea. Wala usifunge kwa ajili ya manyunyu tu, maana lami iliyolowa kwa kawaida bado hushika tairi.

Tatu, fahamu kwamba kufuli husaidia gari kwenda, halifupishi mwendo wa kusimama. Katika mteremko wa matope tia gia ya chini kabisa, uache injini ilizuie gari, wala usikanyage breki kwa ghafula. Tena gari lililofungwa hupenda kwenda moja kwa moja. Kwa hiyo kata kona taratibu.

Nne, kufuli si dawa ya kila ugonjwa. Difu ya mbele na ya nyuma kwa kawaida hubaki huru, hata gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakiteleza kwa pamoja, utakwama. Chukua jembe na kamba imara, na tairi zako ziwe na meno. Na mto ukifurika, ngoja maji yapungue; hakuna kufuli liwezalo kushindana na mafuriko.

Yule dereva wetu hakuwa mtu mbaya, wala gari lake halikuwa bovu. Alichelewa kwa dakika moja tu. Basi ewe mwenye gari, usingoje mvua. Kesho, wakati udongo ni mkavu, toka nje ya lami, ulifunge kufuli lako, uende hatua chache, kisha ulifungue. Fanya hivyo mara kwa mara ili lisishikwe na kutu. Mkono wako ukilizoea mchana wa jua, hautalitafuta usiku wa mvua, hali mgonjwa yu nyuma yako.